Sensa za injini kwenye gari ya zamani: ziko wapi, na ipi kweli imekufa?

Wadau, kwanza tuelewane jina. Nikisema sensa siongelei ile ya watu na makazi, ile tulishahesabiwa Agosti 2022 ikaisha. Naongelea vile vidude vya plastiki na shaba vilivyopachikwa huku na kule kwenye injini ya gari, ambavyo siku hizi fundi akikwama tu anavitaja. "Bosi, hiyo itakuwa sensa." Sensa ipi? "Sensa tu, iko kule nyuma, wewe toa hela nikimbie Gerezani mara moja." Hela inatoka, kidude kinakuja, kinafungwa, na gari inakohoa vilevile. Kesho yake unaambiwa ni sensa nyingine.

Nimeona niandike hili kwa sababu vijana wengi tunaanzia kwenye gari za zamani. Ndizo zinazoingia mfukoni. Mtu anajibana miaka miwili anapata Corolla 110 iliyoshapita mikono mitano, halafu mwezi wa kwanza tu anakutana na taa ya njano kwenye dashibodi. Ukibadilisha sensa nne kwa kubahatisha umeshakula hela ya matairi. Na kinachoniuma ni kwamba Toyota nyingi za miaka ya 90 zina njia ya kukuambia zenyewe kinachoziuma, na njia hiyo ni kipande cha waya cha bure. Hakuna laptop, hakuna mashine.

Nitatumia mfano wa Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, ile ya cc 1,498, kwa sababu ndiyo ninayoendesha na ndiyo niliyoishikashika. Kizazi hicho kilianza kuuzwa Japani mwaka 1995. 4A, 5A na 7A ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mwenye Carina naye atajikuta humuhumu, vitu vimehamahama kidogo tu. Mwenye injini ya D4 aniwie radhi, ile ni habari nyingine kabisa.

WAJUMBE WA KONTROL BOKSI

Kontrol boksi haina macho. Imekaa gizani huko ndani chini ya dashibodi, lakini muda wote injini ikiwa inazunguka inatakiwa iamue nozeli zifunguke kwa muda gani na cheche ipigwe lini. Ili iamue, inauliza maswali. Injini inazunguka kasi gani? Hewa inayoingia ni kiasi gani? Maji yana joto gani? Dereva amekanyaga mafuta kiasi gani? Moshi unaotoka bado una oksijeni au imeisha? Sensa ndio wajumbe wanaoleta majibu. Nyingi zinapelekewa umeme wa volti 5 na kontrol boksi, na kinachorudi ndilo jibu.

Sasa shika hapa, maana makala yote imesimama kwenye hili. Jibu likija baya kuna washukiwa watatu, siyo mmoja. Inawezekana mjumbe mwenyewe kafa. Inawezekana njia aliyopita imeharibika, yaani waya umekatika au soketi imeota kutu. Na inawezekana hali aliyoikuta kule ni mbaya kweli, yeye kasema ukweli tu. Fundi wa kubahatisha kila mara anamfukuza mjumbe.

ZIKO WAPI

Fungua boneti, simama mbele ya gari uangalie injini. Gia boksi iko mkono wako wa kulia. Upande huohuo, kwenye kichwa cha injini, kuna distributa, ile zinapotokea waya nene za plagi. Ndani yake ndimo zilimo koili ndogo zinazoiambia kontrol boksi injini inazunguka kasi gani na pistoni iko wapi. Hii ndiyo sensa ambayo ikifa gari haiwaki kabisa, utapiga stata mpaka betri ilie. Ndiyo maana pia watu wanaopeleka gari kuoshwa injini kwa pampu ya presha wanarudi nyumbani kwa kuvutwa. Maji yanaingia kwenye distributa. Mwambie kijana wa kuosha aifunike kwa mfuko wa plastiki, au aache kabisa.

Chini ya distributa, upande uleule, fuata mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini. Hapo kuna nyumba ya maji, na hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Utakuta vidude viwili vinavyofanana fanana. Kimoja kina waya mmoja tu. Hicho ni cha geji ya joto kwenye dashibodi, kontrol boksi haikijui wala haikisikilizi. Kingine kina soketi ya waya mbili. Hicho ndicho sensa ya joto la maji ya kontrol boksi. Geji ikilala au ikipanda ovyo, shuku cha waya mmoja. Gari ikiwa ngumu kuwaka asubuhi au inakunywa mafuta kama maji, shuku cha waya mbili. Nimeshaona mtu kauziwa cha geji kutibu ulaji wa mafuta... haviingiliani kabisa.

Halafu kuna cha tatu, na hiki siyo sensa ya kupima, ni swichi tu ya feni. Kwenye Toyota nyingi za wakati ule imetengenezwa kwa akili: ukichomoa soketi yake huku swichi ya gari iko on, feni inazunguka. Yaani waya ukikatika njiani feni inawaka muda wote badala ya kugoma. Kwa hiyo ukiona feni haizimi hata asubuhi injini ikiwa ya baridi, angalia soketi hiyo kabla hujaambiwa ununue chochote.

Twende nyuma. Kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na mnapokaa kuna kiboksi kidogo cheusi chenye waya tatu na mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa. Hiyo ndiyo sensa ya vakyumu, wengi wanaiita mapu sensa. Inapima msukumo wa hewa ndani ya manifoldi, na kwenye injini hii ndiyo msingi wa hesabu yote ya mafuta. Huo mpira wake mwembamba, ukichanika au ukichomoka, sensa inasoma hewa ya nje, kontrol boksi inadhani umekanyaga mafuta mpaka chini, inamwaga petroli. Moshi mweusi, harufu, gari inataka kuzima. Sensa haina kosa lolote hapo, ni mpira tu uliokauka kwa umri.

Kwenye throto bodi, pale waya wa pedeli ya mafuta unapofika, angalia upande wa pili wa ile shafti inayozunguka. Kidude cheusi chenye skrubu mbili ndiyo sensa ya throto, inasema mguu wako uko wapi. Chini ya throto bodi kuna valvu ya sailensa. Siyo sensa, lakini ikijaa masizi sailensa inapanda na kushuka na lawama zote zinakwenda kwa sensa ya throto. Safisha kwanza.

Sensa ya joto la hewa imechomekwa kwenye boksi la ea klina, inatoka kirahisi tu. Sensa ya oksijeni iko kwenye eksozi, na kwenye 110 eksozi iko mbele upande wa rejeta, kwa hiyo unaiona ukiwa umesimama, imetokeza kwenye lile bati la kuzuia joto. Ya mwendo iko kwenye gia boksi. Baadhi ya injini zina sensa ya kusikiliza mgongano ndani ya silinda, imefungwa kwenye bloku. Kama huioni usihangaike, huenda yako haina.

KIPANDE CHA WAYA

Siku hizi madukani kuna vile vidude vya bei ndogo vya kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu kwa blutuuthi. Vizuri sana kwa gari za karibuni. Lakini mfumo vinaousoma ulilazimishwa Marekani kwa gari za mwaka 1996, na Ulaya kwa gari za petroli kuanzia 2001. Gari yetu ilitengenezwa kwa soko la Japani la miaka ya 90, haikubanwa na sheria hizo. Unaweza kukuta hata soketi inaingia vizuri, halafu simu inakuambia imeshindwa kuunganisha. Usikubali kuambiwa kontrol boksi imekufa kwa sababu hiyo tu.

Ndani ya boneti, pembeni, kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS au DIAGNOSTIC. Kifungue. Nyuma ya kifuniko kuna ramani ya majina ya matundu. Tafuta TE1 na E1. Gari ikiwa imezimwa, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi. Mawili hayo tu! Kuna matundu mengine humo yana umeme wa betri moja kwa moja, ukikosea unaunguza kitu. Soma ramani mara mbili, na kama ramani imefutika muombe mtu anayezijua akuonyeshe.

Kiyoyozi zima, gia weka N, mguu toa kwenye mafuta. Washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini usipige stata. Taa ya cheki injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, kama mara mbili kwa sekunde, maana yake hakuna kosa lililoandikwa. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu. Ikiwaka mara mbili, ikatulia kidogo, ikawaka mara mbili tena, hiyo ni 22. Kama makosa ni zaidi ya moja yatakuja kwa zamu, dogo kwanza, kisha yanarudia. Usikimbilie, kaa na karatasi uhesabu raundi tatu.

Nakili namba hizi. 12 na 13 ni habari za mzunguko wa injini, nenda kwenye distributa. 14 ni jibu la cheche halirudi, angalia upande wa koili na ignaita. 21 ni oksijeni. 22 joto la maji. 24 joto la hewa. 25 mchanganyiko una mafuta kidogo, 26 yamezidi. 31 ni vakyumu. 41 throto. 42 mwendo. 52 ni ile ya mgongano. Mbili za kukuchanganya ni 43 na 51. 43 ni ishara ya stata haikuonekana, na gari iliyowashwa kwa kusukumwa inaweza kuitoa bila ugonjwa wowote. 51 inatokea ukiacha kiyoyozi kimewaka au ukikanyaga mafuta wakati wa kupima. Mtu asikuuzie kitu kwa sababu ya 51.

Na namba haimaanishi "nunua". Inamaanisha "anzia hapa". 22 inasema njia nzima ya joto la maji ina tatizo, kuanzia sensa mpaka kontrol boksi. Zima swichi, chomoa soketi, angalia pini. Sisi wa pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara na Unguja yote, hewa ya chumvi inaotesha ule ukungu wa kijani kwenye shaba. Safisha, kaza, rudisha. Fuata waya kwa vidole: panya wanazipenda, na mafundi waliopita wanaziunga kwa selotepu. Soketi zenyewe zina zaidi ya miaka 25 kwenye joto, plastiki imekuwa kama biskuti, kwa hiyo bonyeza klipu taratibu na vuta mwili wa soketi, usivute waya.

TAA HAIWAKI LAKINI MAFUTA YANAKWISHA

Hapa ndipo penye utamu. Kontrol boksi inaandika kosa pale waya ukikatika au ukigusana, yaani jibu likiwa haliwezekani. Sensa ya maji ikikatika kabisa, boksi inaandika 22 na kujipa jibu la kudumu, nyuzi 80, ili gari iendelee kutembea. Lakini sensa ikisema maji ni ya nyuzi 45 wakati kweli ni 85? Hilo ni jibu linalowezekana. Boksi inaamini, inaongeza mafuta kama asubuhi, na taa haiwaki ng'o. Uongo wa kiasi hauwashi taa.

Kwa hiyo unahitaji mita, ile ya kawaida ya fundi umeme, ikae kwenye omu. Chomoa soketi ya sensa ya maji na upime pini zake mbili. Kwenye Toyota za wakati ule maji yakiwa nyuzi 20 unatakiwa uone kati ya omu 2,000 na 3,000. Nyuzi 40, omu 900 hadi 1,300. Nyuzi 60, 400 hadi 700. Nyuzi 80, 200 hadi 400. Joto likipanda omu zinashuka. Sensa ya joto la hewa inafuata mtindo huohuo.

Kuna mama jirani yetu, ana 110 kama yangu, anabebea ndizi na viazi kutoka sokoni Ilala. Gari ilikuwa inakula mafuta mpaka biashara inafanya kazi ya kulisha tangi. Gereji aliyokuwa anapeleka walishamfungia sensa ya maji mara mbili, zote alinunua yeye, na safari ya tatu wakamwambia sasa ni kontrol boksi, aandae hela. Akaniita: "Mwanangu, hebu njoo uangalie kabla sijauza redio." Nilipima kwa waya, taa ikakonyeza salama, hakuna kosa. Nikamwambia, mama, kesho ukitoka sokoni usizime kwanza, pitia hapa. Akaja asubuhi, mvua inanyesha, katembea mwendo wa kutosha kabisa. Nikachomoa soketi, mita ikaandika 780.

780 maana yake maji yako kati ya nyuzi 40 na 60. Fundi wa haraka angesema sensa ya tatu nayo feki. Mimi nikagusa mpira wa juu wa rejeta. Ulikuwa vuguvugu, unaweza kuushika ukapiga nao stori. Sensa ilikuwa inasema kweli tupu. Injini yenyewe ndiyo haipati moto! Tukaiacha ipoe, tukafungua nyumba ya thamostati, ambayo kwenye injini hii iko upande wa pampu ya maji, unapoingia mpira wa chini. Ndani hamna kitu. Tupu. Miaka ya nyuma gari iliwahi kuchemsha, fundi akang'oa thamostati akasema huku kwetu ni joto, haihitajiki.

Hii habari ya "huku kwetu joto" imeenea kila gereji, na haina mguu wa kusimamia. Nyuzi 32 za Dar ni baridi kwa injini inayotaka 80 na kitu. Thamostati inaziba maji mpaka yafike kama nyuzi 82 ndipo ianze kuachia. Ukiing'oa, maji yanakimbia kwenye rejeta kutwa, na gari ikiwa kwenye mwendo haifiki kabisa. Kontrol boksi inaona injini ya asubuhi saa zote, inaongeza mafuta, plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Na mwenye gari anafurahi kuona mshale wa joto umelala chini, anasema yangu haichemshi kabisa. Sensa ni ya kwanza kulaumiwa kwa sababu ndiyo pekee iliyosema.

Tuliweka thamostati mpya na gasketi yake, tukaondoa maji ya bomba yenye kutu tukaweka kuleni, tukahakikisha feni inawaka na rejeta haijaziba. Hilo la mwisho ni la lazima, maana ukirudisha thamostati kwenye rejeta iliyoziba utachemsha kweli. Jioni mita ikasoma 300. Kontrol boksi iliyotaka kubadilishwa iko mpaka leo. Zile sensa mbili zilizotolewa anazo kwenye droo, nilizipima kwa maji ya moto na zote ni nzima.

Upimaji wa nyingine, kwa kifupi. Vakyumu: swichi on, injini haijawashwa, waya wa umeme unatakiwa uwe na volti 5 hivi, na waya wa jibu kati ya 3.3 na 3.9 ukiwa usawa wa bahari. Kwa walio Mbeya itakuwa chini ya hapo, hewa ya mlimani ni nyepesi, siyo ugonjwa. Ukinyonya ule mpira mwembamba kwa mdomo volti zinatakiwa zishuke. Throto: waya wa jibu uanze kama volti 0.3 hadi 0.8 ukiwa umeachia, upande taratibu mpaka zaidi ya 3.2 ukikanyaga mpaka chini. Ukiruka au kudondoka katikati, hapo sensa imelika, na ndipo gari inaposhtuka ukikanyaga. Oksijeni: injini ikiwa ya moto jibu linacheza kati ya 0.1 na 0.9, linapanda na kushuka bila kutulia. Likilala sehemu moja usiiue haraka, angalia kwanza kama eksozi haivuji kabla yake na kama plagi zote zinachoma. Zamani risasi kwenye petroli ndiyo ilikuwa inaziua hizi, lakini kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwishoni mwa 2005, na Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani mwaka 2021. Siku hizi muuaji mkubwa ni silikoni ya gereji inayopakwa ovyo kwenye gasketi, na injini inayokula oili.

KUNUNUA NA KUFUNGA

Sasa ikithibitika imekufa, ununue. Iwe Gerezani, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi na mita mfukoni. Namba za vipuri vya Toyota zina siri nzuri: tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani. 89422 ni sensa ya joto la maji, 89420 vakyumu, 89452 throto, 89465 oksijeni. Zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazosema ni ya gari gani. Muuzaji akikupa yenye mwanzo tofauti, muulize kwa nini.

Kwa sensa za joto, zilizotumika siziogopi, mradi upime palepale dukani. Kwenye joto la kawaida la Dar iwe omu 1,500 hadi 2,000 hivi. Kisha ifumbate mkononi dakika moja. Namba zinatakiwa zishuke taratibu. Isiposhuka, rudisha mezani bila maneno mengi. Hata mpya ipime, kwa sababu boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani siku hizi linachapishwa popote. Oksijeni iliyotumika sikushauri, hujui imevuta moshi wa injini gani.

Kufunga sensa ya maji: injini iwe ya baridi kabisa, usiguse mfuniko wa rejeta ukiwa na moto, maji hayo yanachuna ngozi. Weka mpya karibu, legeza ya zamani kwa spana, mara nyingi ni namba 19, ichomoe kwa mkono mmoja na mpya iingie kwa mwingine, utapoteza maji kidogo tu. Anza kwa vidole. Kama haiingii kwa vidole, umeikalisha vibaya, usilazimishe kwa spana, kichwa cha injini ni aluminiamu na uzi wake ukiharibika ni gharama nyingine. Kama ina washa, weka mpya. Ile ya geji ya waya mmoja usiizungushie tepu ya bomba, kwa sababu inapata ethi kupitia mwili wake na tepu inaweza kuikata, geji ikafa ukadhani umeuziwa mbovu. Ukimaliza jaza maji na utoe hewa.

Oksijeni, washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, zima, nyunyiza dawa ya kutu, subiri. Nyingine zimefungwa kwa nati mbili, nyingine zinakazwa kama plagi kwa spana namba 22. Usiguse ncha yake kwa mkono wenye grisi. Throto, kabla ya kulegeza zile skrubu mbili piga alama kwa msumari ilipokaa, kisha mpya ikalishe palepale na uthibitishe kwa mita.

Mwisho futa kumbukumbu. Zima gari, chomoa fyuzi ya EFI ya ampia 15, hesabu nusu dakika, rudisha. Tembea kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, na foleni pia iwemo, kisha rudia kile kipande cha waya. Ikikonyeza harakaharaka bila kupumzika, kazi imeisha. Ikirudi namba ileile, nunua chochote utakacho ila sensa ya pili, nenda kwenye waya.

Mwenye Carina yenye 7A atuambie hapo chini vakyumu sensa yake imekaa upande gani, nimeulizwa mara mbili na gari ya kuchungulia sina.